Waombaji Wawili, Nyumba Moja

Gichana alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichotokea puani, kama cha mtu aliyetajiwa bei ya kitu ambacho hakuwa na nia ya kununua.

"Wewe pia?" aliuliza. "Max, hii si semina ya walimu."

Maxine alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sufuria ya chai mkononi. Alikuwa amejiandaa kwa maswali: kwa nini sasa, vyuo gani, nyumba itabaki na nani. Kicheko hakuwa amekiwekea jibu. Aliitua sufuria mezani akasema ndiyo, yeye pia ataomba nafasi ya kusomea PhD ya fasihi ya Kiingereza huko Amerika, mwaka huo huo, na Daktari Chepkorir, mhadhiri wao wa chuo kikuu, ameshakubali kumwandikia barua ya kumpendekeza.

"Chepkorir anaandikia mimi."

"Alitufundisha sote."

"Mimi ndiye nilimuomba kwanza," Gichana akasema. Chai yake ilibaki kikombeni mpaka ikafanya utando.

Walikuwa mtu na mkewe kwa miaka minne, lakini walijuana tangu wakiwa watoto katika kambi ya wafanyakazi ya shamba moja la chai nje ya Kericho. Mama yake Gichana, Phelis, alitoka Kisii kuja kuchuma chai. Baba yake Maxine, Joab, alitoka upande wa ziwa akawa fundi wa mitambo kiwandani. Milango yao ilitazamana. Watoto wa kambi hiyo waliopenda vitabu walikuwa hao wawili tu, na vitabu vyenyewe vilikuwa vichache kiasi kwamba aliyetangulia kumaliza alimsimulia mwenzake mwisho kwa makusudi, ili kumharibia. Chuo kikuu walisoma darasa moja. Gichana alipata daraja la kwanza. Maxine akapata la pili, la juu.

Kisha dunia ikapindua mambo. Maxine aliajiriwa na serikali, akapelekwa kufundisha Kiingereza katika shule moja ya upili huko Kedowa. Gichana alingoja kuajiriwa mpaka akachoka, akaishia katika ofisi ya bima mjini Kericho, akiwaandikia wenye pikipiki bima zao na kusikiliza malalamiko yao. Wateja walimwita "kijana wa bima". Hakuwahi kuzoea. Ndiyo maana mwaka huo walikuwa wamekubaliana kwamba yeye ataomba vyuo vya nje, naye Maxine atamsaidia. Mpango ulikuwa huo. Halafu siku moja Daktari Chepkorir, akizungumza na Maxine kwa simu kuhusu barua ya Gichana, aliuliza kana kwamba anauliza habari za mvua, "Na wewe, kwa nini huombi?"

Maxine alizunguka na swali hilo wiki nzima. Alifundisha nalo, akasahihisha mitihani nalo. Mwishoni aligundua kwamba hakuwa na jibu lolote isipokuwa mumewe.

Jumamosi moja Daktari Chepkorir alipita Kericho akienda kuwaona watu wake Bomet, akawaita wote wawili kwenye hoteli moja kando ya barabara ya Kisumu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kama mtu anayelipa deni la mwingine.

"Nitawaambia kitu kimoja, na msiniulize tena," alisema. "Hawa watu hawataki barua tu. Kuna swali pale kwenye fomu yao: ukimlinganisha huyu na wote uliowafundisha miaka ya karibuni, yeye ni wa ngapi? Na nyinyi mmechagua vyuo vilevile. Siwezi kuwaweka wote wawili wa kwanza. Wale wanasoma, hawasinzii."

"Sasa utafanya aje, Daktari?" Gichana aliuliza.

"Nitaandika ninachoamini."

"Na unaamini nini?"

Daktari Chepkorir alimsogezea kikombe. "Ninaamini umekuja hapa kunipima, Gichana. Kunywa chai yako."

Njiani kurudi nyumbani walitembea mmoja mbele, mwingine nyuma. Walipofika kwenye duka la kona Gichana alisema bila kugeuka, "Ungeaplai kwingine, angalau."

"Kwingine wapi? Vile vingine havilipii mwanafunzi. Badilisha vyako wewe."

"Mimi ndiye niliviona kwanza."

"Kwani ni kiti cha kanisani?"

Hata hivyo waliendelea kusomeana kazi zao, kwa sababu hapo Kericho hakukuwa na mtu mwingine wa kuzisoma. Maxine alimpa maelezo yake ya nia, yale ambayo kila chuo hudai mwombaji aeleze anataka kusomea nini na kwa nini. Gichana aliyarudisha asubuhi yakiwa yamejaa wino mwekundu.

"Hii ni barua ya kuomba kazi ya kulea watoto," alisema huku akifunga tai. "'Tangu utotoni nimependa vitabu.' Nani hajapenda vitabu? Hata panya anavipenda."

Maxine aliyaandika upya. Kilichomchoma ni kwamba Gichana alikuwa amesema kweli. Sentensi ile ilikuwa mbovu, na mbili zilizofuata zilikuwa mbovu zaidi. Lakini aliisikia ile furaha sautini mwake, furaha ya mtu aliyengoja miezi kadhaa kusahihisha mshahara wa mkewe kwa kalamu nyekundu.

Ikafika zamu ya Maxine kusoma. Gichana alikuwa ameandika insha ndefu juu ya riwaya waliyoisoma chuoni, nayo ilikuwa imeandikwa vizuri kiasi cha kumtia Maxine wivu. Hoja yake yote ilisimama juu ya sentensi moja ambayo, kwa maelezo ya Gichana, bibi mwenye nyumba aliisema kwa majuto karibu na kufa kwake. Maxine alisoma mara mbili. Riwaya hiyo alikuwa akiifundisha Kedowa mwaka wa tatu sasa. Angeweza kuisimulia akimenya viazi. Sentensi ile haikuwa ya bibi. Mtumishi wake ndiye aliyeisema, jikoni, akimwigiza bibi ili wenzake wacheke. Hapakuwa na majuto yoyote pale. Palikuwa na dhihaka.

Gichana alisimama nyuma ya kiti chake. "Enhe?"

Angeweza kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Kisha akamkumbuka panya.

"Iko sawa," alisema.

"Sawa tu?"

"Iko sawa sana."

Siku ya mwisho ya kutuma maombi, saa za Amerika zilikuwa zikiisha wakati Kericho watu wanakunywa chai ya asubuhi. Jana yake mvua ya mawe ilikuwa imenyesha na stima ikapotea mtaa mzima, ikarudi alfajiri. Walikuwa na laptopu moja. Gichana alikaa nayo kwanza, akatuma chuo baada ya chuo, akasoma kila ukurasa kwa sauti kana kwamba yuko mahakamani. Alipomwachia Maxine kiti, muda ulikuwa umebaki kidogo na mtandao ulikuwa ukitambaa. Maxine alituma ombi lake la mwisho. Alipoinua kichwa, Gichana alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuuliza kama limeingia.

Januari ilikuwa ya jua kali na upepo. Majani ya chai yalianza kuwa mekundu pembeni, na ndani ya nyumba ile kila mtu alikuwa na simu yake mkononi kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini. Kulikuwa na ukumbi mmoja mtandaoni ambako waombaji kutoka duniani kote waliandika waliyoyapata: huyu ameitwa, huyu amekataliwa, huyu bado. Maxine aliusoma katika foleni ya benki, akausoma wanafunzi wakiandika insha. Alijua Gichana naye anausoma, kwa sababu alikuwa akiinuka ghafla mezani na kwenda kusimama uani.

Kukataliwa kwa kwanza kulimjia Gichana. Alikuwa akipiga mswaki. Alisoma, akatema povu, akasema, "Hawa wamenikataa."

"Pole," Maxine alisema.

Na hapo, akiwa bado ameshika pasi juu ya blauzi yake, alisikia kitu kifuani kikiruka juu. Hakukitaka. Hakukiita. Lakini hakuwa mtoto wa kushindwa kutambua furaha. Siku mbili baadaye chuo kilekile kilimkataa yeye, na alipomwambia Gichana, aliona pembe za midomo yake zikikaza kuzuia kitu. Kila mmoja akajua la mwenzake. Kuanzia hapo waliacha kusema pole.

Jumapili moja walikwenda Fort Ternan kumwona Phelis, ambaye baada ya kuacha kazi ya chai alinunua kipande cha ardhi huko, akilima mahindi na miwa kidogo upande wa chini. Phelis alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti nyororo, na ulimi uliojua mahali pa kukata. Aliwapakulia ugali na kuku, akangoja Gichana atoke nje kuangalia ng'ombe.

"Maxine, mwanangu," alisema. "Wewe una kazi ya serikali."

"Ndiyo, mama."

"Mume wako hana."

"Ana kazi, mama."

"Hiyo ya kuandikia watu pikipiki?" Phelis alisukuma sahani kando. "Mungu alikupa chako. Sasa umeona mtoto wangu anainama kuokota chake, na wewe umeinama. Kwenu ndivyo wanawake wanafanya?"

Uso wa Maxine uliwaka. "Kwetu mtu akijua kitu, mama, haambiwi ajifanye hajui."

"Haya," Phelis alisema kwa utulivu, akikusanya mifupa. "Nimesikia. Usije ukasema sikukuambia."

Maxine alipomsimulia Gichana jioni hiyo, alitegemea angalau aone aibu kwa niaba ya mama yake. Gichana alisema tu, "Si amesema ukweli?"

Mwezi wa pili chuo kimoja kiliwaita wote wawili kwa mahojiano ya video; Gichana Jumatatu, Maxine Jumatano. Jumatatu hiyo Maxine alirudi kutoka Kedowa akamkuta mumewe amekaa mbele ya laptopu iliyozimwa, amevaa koti la suti na kaptura.

"Ilikuwa aje?"

"Walianza vizuri." Alizungumza akiutazama ukuta. "Halafu kuna mzee mmoja, mpole kabisa, akaniuliza ile sentensi ya bibi. Akasema, 'Nadhani anayesema hapa ni mtumishi, sivyo?' Nikasema ni bibi. Nikamwambia mara mbili, Max. Mara mbili. Akafungua kitabu akanisomea." Akapangusa uso kwa viganja. "Wale wengine walikuwa wanaangalia chini. Wananionea aibu."

Maxine alikuwa bado hajavua mkoba begani.

"Wewe ulisoma hiyo insha," Gichana alisema, na sasa akageuka. "Hukuona?"

"Sikuona."

Gichana alivua koti la suti, akalitundika nyuma ya mlango.

Jumatano asubuhi laptopu haikuwa mezani. Maxine alitafuta chini ya kitanda, kabatini, hata jikoni. Alimpigia Gichana simu.

"Niko nayo kazini," alisema. "Ya ofisi imeharibika."

"Gichana, leo nina mahojiano. Saa kumi na moja."

"Naijua saa yako. Na mimi nina kazi." Akakata.

Alikwenda Kedowa na simu yake iliyopasuka kioo. Mwalimu mkuu alimruhusu kutumia stoo ya maabara ya sayansi, maana ndiko mtandao ulikokamata. Aliiegemeza simu kwenye chupa za asidi, nyuma ya mgongo wake kiunzi cha mifupa ya plastiki kikining'inia, akakifunika kwa kanga. Wale watu watatu walipotokea kwenye kioo, wadogo kama stempu, mvua ya mawe ilianza kupiga mabati.

Swali la kwanza hakulisikia. La pili alisikia nusu. Akaomba radhi, wakasema kitu, akaona tu midomo yao ikienda. Na ghafla hasira yote ya miezi ile ilimpanda: ya kicheko, ya wino mwekundu, ya mifupa ya kuku ya Phelis, ya meza tupu asubuhi ile. Akaisogelea simu akaanza kupiga kelele. Alijibu kwa kelele juu ya watumishi katika riwaya, jinsi mabibi wanavyosikika na watumishi wanavyosikilizwa vibaya, jinsi wasomi wenyewe wanavyomnyang'anya mtumishi maneno na kumpa bibi kwa sababu ni matamu mno kuwa yake. Alijua kosa hilo limetoka wapi. Alijua anajenga juu ya mgongo wa nani, na hakuacha. Yule mzee mpole alikuwa ameinama mbele, mkono sikioni, akiandika.

Mvua ilipokatika, alikuwa bado anapiga kelele. Wote wanne wakacheka, hata yeye.

Gichana alikuwa ameshafika nyumbani Maxine aliporudi. Laptopu ilikuwa mezani, imewekwa sawasawa mahali pake, kana kwamba haikuondoka.

"Hukukosa mahojiano?" Gichana aliuliza.

"Sikukosa."

"Walikuuliza nini?"

Maxine alivua viatu vilivyolowa. Angeweza kunyamaza tena. Lakini alikuwa amechoka, na alitaka neno hilo limuume.

"Niliona ile sentensi," alisema. "Tangu siku ile ulinipa. Nilijua ni ya mtumishi. Nilinyamaza."

Gichana hakusimama. Hakuinua sauti. Angefanya hivyo ingekuwa rahisi zaidi.

"Uliniacha niende uchi," alisema.

"Na wewe leo ulitaka nisiende kabisa."

"Mimi nimekuchukulia chombo. Wewe ulinichukulia..." Alitafuta neno, na yeye mwenye daraja la kwanza la fasihi akalikosa. Alichukua blanketi akaenda kulala sebuleni. Hakurudi chumbani tena.

Majibu ya chuo kile yalimkuta Maxine katika chumba cha walimu, kati ya rundo la madaftari na sahani ya mandazi. Alikuwa amekubaliwa, na wangemlipia kila kitu. Alisoma mara tatu. Walimu wenzake walikuwa wakibishana juu ya zamu ya Jumamosi, naye aliwaangalia kama watu walio ng'ambo ya mto. Furaha aliyoingoja haikuja. Kilichokuja kwanza ni swali: atamwambiaje? Na nyuma ya swali hilo, kidogo, kitu kibaya zaidi: hamu ya kumwambia.

Alimkuta Gichana akichana nywele, akamwambia. Gichana wakati huo alikuwa amekataliwa na vyuo vyote.

"Chepkorir alikuweka wa kwanza," alisema.

"Hujui hilo."

"Najua. Wewe ni mwanamke, yeye ni mwanamke."

"Ama labda nilikuwa wa kwanza."

Kitana kilisimama kichwani. "Darasani ulikuwa nyuma yangu miaka yote minne, Max. Mpaka kwa mtihani wa mwisho."

"Ndiyo. Na ulifurahia kila mwaka."

Phelis alipanda kutoka Fort Ternan wiki hiyo hiyo akiwa na mzee wa kanisa. Walikaa, wakaomba, wakazungumza juu ya ndoa. Mzee aliuliza kama haiwezekani nafasi hiyo ihamishiwe kwa bwana, kwa kuwa somo ni lilelile. Maxine alimweleza kwa heshima kwamba si shamba. Phelis akasema mke akivuka bahari bila mume, arudipo asitegemee kukuta mlango. Walimgeukia Gichana aseme neno. Gichana alitazama mikono yake, kisha akasema, "Mwacheni aende. Hata mimi nataka aende."

Phelis alidhani huo ni ukarimu, akalia. Maxine, aliyemjua Gichana vizuri zaidi, hakudhani hivyo.

Mwezi wa nane Joab alikuja na gari la rafiki yake kumpeleka bintiye Nairobi. Gichana alitoka nje, akabeba sanduku kubwa mwenyewe, akalipanga nyuma ya gari, akalibana kwa gunia lisiyumbe. Joab alimsalimia kwa kilugha cha kwao, kwa makusudi, ajue kwamba hapewi Kiswahili. Gichana aliitikia kwa kichwa.

"Nyumba nitamrudishia mwenye nyumba mwisho wa mwezi," alimwambia Maxine. "Naenda kukaa Fort Ternan kwanza."

"Sawa."

"Vitabu vyako nitapeleka kwa baba yako."

"Vingine ni vyako."

"Sijui tena ni vipi," alisema, na akarudi ndani kabla gari halijawashwa.

Maxine hakulia mpaka walipopita Molo. Joab aliongeza sauti ya redio ili asimsikie, au ili Maxine adhani hasikii.

Wiki ya pili huko alikokwenda, akiwa katika chumba chenye dirisha lisilofunguka, akiwa na kurasa nyingi za kusoma kuliko alizowahi kusoma kwa mwezi mzima, simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa Gichana, wa kwanza tangu aondoke.

"Mama anauliza kama ulifika."

Maxine aliusoma amesimama. Alimjua Phelis. Phelis hangeuliza.

"Mwambie nilifika," aliandika.

Alingoja. Chini ya jina la Gichana ilionekana kwamba anaandika, kisha ikakoma, kisha anaandika tena. Hakuna kilichokuja. Baada ya muda Maxine aliiweka simu kifudifudi mezani, akavuta kiti, akaanza kusoma.